Daftari la vipimo

Mimi ni fundi cherehani, Wete, Pemba. Barazani kwangu pana daftari la jalada gumu, na ndani yake mna viuno, mabega na urefu wa mikono ya nusu ya mtaa. Ukiligeuza ukalifungua kwa nyuma, utakuta vipimo vya namna nyengine. Huko nimeandika mambo ya mwanangu.

Nitamwita Kibibi, maana jina lake ni lake, na akikua ataamua mwenyewe nani alijue. Ni mtoto wangu wa tatu na msichana pekee. Alipotimia miaka mitatu alikuwa na maneno manne, na mawili katika hayo wakiyafahamu kaka zake tu. Lakini mtoto hasumbui. Umkalishe jamvini asubuhi, adhuhuri utamkuta palepale. Wageni wakija humsifu: mtoto wa kike mtulivu, ana haya, hakodolei watu macho. Nami nikizipokea sifa zile kwa mikono miwili, kama sahani ya Iddi. Siku hizi nikikumbuka najicheka. Kaka yake angekaa kimya namna ile tungekwisha kumpeleka hospitali zamani. Kwa msichana tuliita adabu.

Kilichonishtua ni karafuu. Msimu ule ulikuwa wa neema, na usiku nyumba nzima tukikaa ukumbini kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Kibibi akajisogeza kwenye rundo la makonyo, akaanza kuyapanga sakafuni moja baada ya moja, yote yakielekea upande mmoja, mstari ulionyooka kuliko pindo lolote nililowahi kushona. Tukamtazama, tukacheka, ami yake akasema huyu atakuwa fundi kama mama yake. Kisha kaka yake akapita mbio na mguu ukaugusa mstari. Kilio alicholia sikuwahi kukisikia kwa mtoto. Ami yake akampangia upya haraka haraka, lakini makonyo mawili matatu yakakaa kinyume, na kilio kikaanza tena. Alilala karibu na alfajiri, kashika konyo moja mkononi. Asubuhi nilipofagia niliyahesabu yaliyosalia kwenye mstari: 61. Sijui kwa nini niliyahesabu. Ni mazoea ya kazi, nadhani. Nikaiandika namba hiyo nyuma ya daftari pamoja na tarehe, na huo ndio mstari wa kwanza.

Mama mkwe wangu, ambaye naishi naye na ambaye nampenda, alikuwa na jawabu lake tayari: mtoto kaguswa. Ushahidi wake ulikuwa adhana. Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwetu na spika moja imeelekea dirisha letu. Muadhini akifungua tu, Kibibi hufinika masikio akaingia chini ya kitanda. "Na nani anayekimbia adhana, mwanangu?" mama akaniuliza. "Si sote tumesomeshwa chuoni?" Sikuwa na la kumjibu, maana chuo cha Kurani ndicho kilichotufunza kuwa anayekimbia adhana ni shetani. Tukafanya yote yanayofanywa. Akasomewa, akanyweshwa kombe la zafarani, akafukizwa. Sijuti. Moshi wa ubani ulimkohoza, lakini sheikh akimsomea kwa sauti ya chini mtoto alikuwa akitulia kweli.

Hilo la sauti ya chini lilinikaa. Usiku mmoja umeme ukakatika kisiwa kizima, maana umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga na una siku zake. Alfajiri muadhini akaadhini kwa koo lake mwenyewe. Kibibi alikuwa macho. Hakufinika masikio. Alikaa kitako kitandani akawa anayumba taratibu, mbele na nyuma, mpaka adhana ikaisha. Nikawasha tochi ya simu nikaandika: "Adhana bila spika, hakuna neno." Siku zilizofuata nikaongeza. Pikipiki, kafinika. Blenda ya jirani, kafinika na kulia. Cherehani yangu, hapana, labda kwa kuwa kaisikia tangu tumboni. Mwisho wa wiki nikamsomea mama orodha yangu. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi shetani gani huyu anaogopa blenda." Jioni akafukiza kama kawaida.

Nilipokwenda kliniki ya watoto nesi alitazama kadi, uzito mzuri, chanjo zote, akaniambia watoto hutofautiana. Mume wangu, ambaye ni mpishi hotelini Nungwi na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, alisema hata yeye alichelewa kusema. Wifi yangu aliyeko Maskati akanitumia sauti ndefu kwenye simu: ni zile chanjo, na dawa yake ni maziwa ya ngamia. La maziwa nililiacha lipite, maana Pemba ngamia nimtoe wapi. La chanjo lilininyima usingizi mpaka nilipojua lilikotoka. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza aliandika makala akiihusisha chanjo ya surua na usonji, hali ya ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism. Jarida la Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo mwenyewe akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa kwao. Nilimrudishia wifi habari hiyo. Akajibu kwa kijisura cha mikono inayoomba dua.

Usonji. Neno hilo nililisikia kwenye redio, mwezi wa Aprili, maana tarehe 2 Aprili ndiyo siku yake duniani. Mtangazaji alisema watoto hao wengine hawanyooshi kidole kuonyesha kitu. Nikasimamisha cherehani. Kaka zake Kibibi walikuwa wakinyooshea vidole kila kitu, ndege, gari, mwezi, ng'ombe wa watu. Yeye sikupata kumuona hata mara moja. Akitaka maji hunishika kifundo cha mkono akanivuta mpaka kwenye mtungi, akauweka mkono wangu juu ya kifuniko, asinitazame usoni. Kama mtu anayechukua upawa kutoka ukutani. Jioni ile nikaliandika hilo pia, maana nilikuwa nikilifanyiwa kila siku bila ya kuliona.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Nilitaka majibu haraka, nikasema nitalipa. Kituo cha kwanza kiko Unguja, sitakitaja. Tulipanda meli Mkoani, tukashuka bandari ya Malindi mjini Unguja, tukalipa kumuona daktari, na daktari alituona kwa muda usiofika nusu saa. Muda mwingi alikuwa akiandika. Kibibi alikuwa chini ya meza yake anazungusha gurudumu la kiti. Daktari hakuinama hata kumtazama. Tukaandikiwa damu ya namna tatu, picha ya ubongo na chupa mbili za vitamini. Nikalipa vyote. Majibu yakarudi mazuri, damu safi, picha safi, na kwenye karatasi pakaandikwa neno moja lenye alama ya kuuliza mbele yake. Nilirudi Pemba na bahasha kubwa isiyo na kitu ndani. Baadae ndipo nilipofahamishwa kwamba usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha. Damu na picha huombwa pale panaposhukiwa kitu chengine, kwa mfano mtoto akiwa na kifafa au akipoteza mambo aliyokwisha kuyaweza. Wa kwangu hakuwa na hayo. Usonji hupimwa kwa macho na masikio ya watu wenye ujuzi: wanamtazama mtoto na wanamsikiliza mzazi. Basi mtu asiyemtazama mtoto anapima nini?

Aliyenitoa gizani ni mteja wangu, nesi mstaafu aliyekuja kushonesha gauni la harusi ya mjukuu. Nilikuwa nampima mabega huku nikimsimulia. Akaniambia, "Fundi, wewe ukiletewa kitambaa na mtu usiyemuona, ukaambiwa shona tu, utashona?" Nikasema siwezi. "Basi na wao." Akaniletea karatasi yenye maswali 20, inaitwa M-CHAT-R, tukayajibu pamoja barazani. Mwenyewe akanitahadharisha kuwa maswali yale yametengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na Kibibi alikuwa ameshapita, na kwamba hata kwa mtoto wa umri huo ni chekeche tu: linaonyesha nani apelekwe mbele, halisemi ana nini. Lakini kila swali lilinipa jicho jipya. Anacheka nikimchekea? Anatazama ninakotazama? Akiitwa jina anageuka? Hilo la jina nilidhani najua jawabu. Nikampima siku tatu, mara kumi kila siku, akiwa anacheza. Aligeuka mara nne katika thelathini. Nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, aligeuka kila mara.

"Hili la biskuti ni zuri," nesi akasema, "lakini utakwenda kumpima masikio vilevile. Usiwape sababu ya kukurudisha." Tulikwenda, hospitali nyengine ya mjini Unguja, wakamtia kijidude sikioni ambacho hakihitaji mtoto ajibu chochote, mashine inasikiliza sikio lenyewe linavyoitikia sauti. Ilibidi alale kwanza, na kulala kwenyewe kulichukua asubuhi nzima. Masikio mazima. Karatasi ile ndogo nimeitia plastiki.

Safari hii sikulipa kabla ya kuuliza. Nilipiga simu kliniki tatu za Dar es Salaam, daftari mkononi. Nani atampima, na kasomea nini? Mtakaa naye muda gani, na mimi mtanihoji muda gani? Mnatumia kipimo gani? Bei mliyonitajia ni ya yote au nikifika nitaongezewa? Nitapata ripoti ya maandishi, na atakuwepo mtu wa kunifafanulia? Kliniki ya kwanza dada wa mapokezi alikasirika, akaniambia, "Mama, njoo na mtoto, mengine utayajua hapa." Nikamshukuru nikakata. Ya pili waliniambia mtoto atapimwa siku hiyohiyo kwa robo saa. Ya tatu dada akasema, "Subiri, ngoja nikupe mwenyewe uzungumze naye," akaja mwanamke mwenye sauti ya taratibu, mwanasaikolojia, akanijibu yote kisha akaniuliza yeye: mtoto anazungumziwa lugha gani nyumbani? Hapo ndipo nilipoamua. Foleni yake ilikuwa ya miezi miwili. Bei yake ilikuwa sawasawa na kilo 32 za karafuu kavu. Nimeihesabu kwa karafuu kwa sababu ndizo zilizolipa. Mume wangu alitoa nauli bila ya kusema neno, na kwa anayemjua, hiyo ilikuwa hotuba.

Miezi ile miwili niliitumia. Nilirekodi kwa simu, vipande vifupi, bila ya kumpanga mtoto: anavyokula, anavyocheza na binamu zake, yaani pembeni yao, anavyofanya mgeni akibisha hodi. Nilimuuliza mama mkwe wangu mambo ya uchanga wake ambayo mimi niliyasahau, alikaa lini, alitembea lini, alipata kupunga mkono kwaheri au hakupata. Mama anakumbuka kwa misimu: "Alitembea mwezi wa Mfunguo Pili, tulikuwa tunaanika." Niliyageuza kuwa tarehe.

Sitasimulia safari yote. Meli ina televisheni yenye sauti kubwa na honi inayotikisa kifua, na kwenye mkondo wa Nungwi watu walianza kutapika. Nilimfunga Kibibi kichwani kwa kanga mbili nikakaa naye nje upande wa nyuma, anatazama povu. Hakuchoka kutazama povu.

Kliniki ilikuwa nyumba ya kawaida, chumba kimoja kina zulia. Siku ya kwanza alinihoji mimi, saa mbili na zaidi, kuanzia mimba. Nilipotoa daftari alitabasamu, akaomba ruhusa akapiga picha kurasa zile za nyuma. Swali moja lilinichoma: je, mtoto anakutazama machoni? Nikamwambia kwetu mtoto wa kike hufundishwa asiwakodolee wakubwa, sasa mnaipimaje heshima? Akaweka kalamu chini. Akasema hapimi kama mtoto anamtazama mgeni. Anataka kujua Kibibi akifurahi na kitu, ananigeuzia uso ili nifurahi naye? Heshima haimkatazi mtoto kumshirikisha mama yake. Nikafikiri sana. Yale mapovu ya bahari aliyatazama saa nzima, wala hakunigeukia hata mara moja kuona kama na mimi nayaona.

Siku ya pili alicheza naye mbele yangu na mbele ya mwenzake, mtaalamu wa usemi. Kipimo chenyewe kinaitwa ADOS-2, mchezo uliopangwa hatua kwa hatua, kiasi cha dakika 40 hadi 60. Mapovu ya sabuni, puto, gari, mwanasesere. Ikafika pahala akamtoa mwanasesere akasema leo ni siku yake ya kuzaliwa, tumtengenezee keki, tuwashe mishumaa. Kibibi akamtazama mwanasesere kama anavyomtazama mtu wa sensa. Sikuweza kujizuia, nikasema, "Samahani dada, huyu hajapata kuona keki ya siku ya kuzaliwa maisha yake yote. Sisi hatufanyi. Yeye anajua maulidi na arusi." Akatikisa kichwa, akaandika hivyo kwenye karatasi, akasema jambo moja halimtii mtoto ndani wala halimtoi, na ningoje mchezo uishe. Kisha kwa hiari yake akaongeza kitu: akampa mwanasesere na kitambaa, akamwambia tumvishe biarusi. Kibibi alikikunja kitambaa mraba. Akakikunjua. Akakikunja tena. Angeweza kuwa hajaona arusi vilevile.

Mwisho wakamletea biskuti kwenye kopo lililokazwa kifuniko. Kibibi alijaribu, akashindwa. Halafu akamshika mwanasaikolojia kifundo cha mkono, akauinua, akauweka juu ya kifuniko. Yule mwanamke hakufungua upesi. Alingoja, uso karibu na wa mtoto, akimpa nafasi ya kumtazama. Kibibi aliutazama mkono. Mwanasaikolojia aligeuka akanitazama mimi, na mimi nikatazama daftari mapajani mwangu, na nadhani sote watatu tulikuwa tumeshajua, ila mwanangu alikuwa anataka biskuti.

Majibu nilipewa kwa mdomo wiki ileile, tumekaa, mlango umefungwa, mume wangu yuko kwenye simu kutoka Nungwi na jikoni nyuma yake masufuria yanalia. Usonji, kiwango cha pili, maana yake anahitaji msaada mkubwa kila siku kuliko watoto wenzake, na kiwango hicho kinaweza kubadilika kwa miaka. Akatueleza sehemu mbili wanazozitazama lazima zote ziwepo: shida ya kuwasiliana na kushirikiana na watu, na upande wa pili mambo ya kujirudia, kung'ang'ania utaratibu, pamoja na hisia kama zile za sauti. Makonyo, kifuniko, adhana, vyote vilikuwa na pahala pake. Mume wangu akauliza, "Sasa atapona lini?" Akajibiwa kwa upole kuwa hili si homa, ndivyo ubongo wake ulivyoumbika tangu mwanzo, mengi yake ni ya urithi, na wala hapana alichokifanya mama wala baba. Zamani, akasema, huko kwao wazungu madaktari waliwatia lawamani akina mama kwa ubaridi wa mapenzi, na ilithibitika kuwa si kweli. Simu ikanyamaza. Masufuria yakaendelea. Kisha nikamsikia anapenga makamasi.

Ripoti ilikuja kurasa tisa, Kiingereza kitupu. Hapa niseme kwa ukali kidogo: mtu analipa kilo 32 za karafuu apewe kitu asichoweza kumsomea bibi ya mtoto? Nilirudi nikaomba ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye muhuri na saini. Walishangaa kidogo, nikaona hawajapata kuombwa, lakini waliuandika na umeandikwa vizuri. Ukurasa huo umefanya kazi kuliko zile tisa. Mwalimu mkuu wa skuli ameusoma. Mwalimu wa darasa kachukua nakala, na siku hizi Kibibi hukaa mbali na kengele. Maalim wa chuoni ameusoma mara mbili, akasema basi huyu nitamsomesha peke yake, kwa sauti ndogo.

Kazi yenyewe tunaifanya nyumbani. Mtaalamu wa usemi alinifundisha kadi za picha, nami nimezishona kwenye kitambaa kwa vifungo vya kubana: maji, choo, mkate wa boflo, inatosha. Kila baada ya miezi mitatu tunazungumza kwa video. Kadi ya "inatosha" ndiyo aliyoipenda. Ananiletea nikiwa nazungumza na wateja.

Juzi nilikuwa nimetoka kununua nyuzi, na niliporudi nikamkuta mama barazani, miwani puani, daftari langu mapajani kalifungua kwa nyuma. Mama hasomi herufi za kizungu. Yeye ni wa chuoni, Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu. Alilifunga haraka, akasema alikuwa akitafuta vipimo vya gauni lake. Usiku nikalifungua. Chini ya mwandiko wangu palikuwa na mistari mitatu, inatoka kulia kwenda kushoto, herufi kubwa kubwa za mtu anayebonyeza kalamu: "Leo kala wali na dagaa. Hakutaka boflo la jana. Kafinika masikio mara mbili, pikipiki ya Hamadi na mie nilipopiga chafya."